UZI: Kula Italia kwa treni ya polepole, kutoka Piacenza hadi Rimini, katika majira ya joto

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Kila mwaka Juni inapokaribia hujitokeza watu humu wakiuliza namna ya kutembea Italia, na karibu kila mara hupewa jibu lile lile: shuka Roma, panda treni ya kasi hadi Firenze, malizia Venezia. Sina ugomvi na miji hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu anayekwenda Italia kwa ajili ya chakula, hasa katika Julai na Agosti, akifuata njia hiyo huishia kula kwenye mikahawa yenye picha za vyakula mlangoni, kwa bei ya wageni, akiwa amezungukwa na wageni wenzake. Uzi huu ni wa msafiri asiye na haraka, asiye na gari, na anayependa kujua kilichomo ndani ya sahani yake.

Pendekezo langu ni reli moja tu. Mwaka 187 KK konseli wa Kirumi Marcus Aemilius Lepidus alijenga barabara iliyonyooka kutoka Rimini, pwani ya bahari ya Adria, hadi Piacenza, karibu na mto Po. Barabara hiyo, Via Aemilia, ndiyo iliyolipa eneo la Emilia jina lake, miji ikakua kandokando yake, na reli ilipojengwa katika karne ya 19 ikapita sambamba nayo. Ndiyo maana leo ukipanda treni Piacenza kuelekea kusini-mashariki, katika safari ya takriban kilomita 260, utazipita Fidenza, Parma, Reggio Emilia, Modena, Bologna, Imola, Faenza, Forlì na Cesena kabla ya kufika Rimini, na katika miji hiyo mikubwa unatoka stesheni na kufika katikati ya mji kwa miguu.

Kinachonifanya niisifu reli hii kuliko nyingine ni kwamba chakula hubadilika stesheni kwa stesheni, na kila mji unashikilia kuwa jirani yake hajui kupika. Parma watakupa tortelli d'erbetta, tambi bapa zilizojazwa jibini laini ya ricotta na mboga za majani, zikielea katika siagi. Nusu saa baadaye, Modena, mazungumzo yote ni ya siki. Ukifika Bologna utakuta tagliatelle zenye mchuzi wa nyama uitwao ragù, na ukiomba spageti yenye mchuzi huo utatazamwa kwa huruma, kwa sababu mchanganyiko huo tunaoujua duniani kote kwa jina la Bologna si chakula cha Bologna. Wenyewe hawafanyi mzaha katika jambo hili: mwaka 1972 kipimo cha tagliatella kiliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji, upana wa milimita 8 ikiwa imeshapikwa, na mwaka 1982 mapishi ya ragù nayo yakawekwa hapo hapo, kisha yakapitiwa upya mwaka 2023.

Ushauri wangu ni kupanga chumba Bologna, kwa kuwa iko katikati ya reli, na kwenda na kurudi kila siku bila kuburuta mizigo. Maswali karibuni.

Mdau wa Dodoma

Ndugu mwanzisha uzi, hongera kwa mada. Mimi nimezoea SGR ya hapa kwetu, ambako tiketi ina namba ya kiti, mizigo inakaguliwa na abiria anafika stesheni mapema. Huko utaratibu ukoje? Na hiyo treni ya polepole ina tofauti gani na ile ya kasi zaidi ya kasi yenyewe?

Mwanzisha uzi

Asante, ndugu yangu. Tofauti ni kubwa, na ni vizuri kuielewa kabla ya kutoa fedha.

Treni za kasi, yaani Frecciarossa za shirika la Trenitalia na zile za kampuni binafsi ya Italo iliyoanza safari mwaka 2012, hufika kilomita 300 kwa saa, zina namba ya kiti, na nauli yake hupanda kadiri tarehe ya safari inavyokaribia. Kutoka Bologna hadi Firenze ni chini ya dakika 40, lakini karibu njia nzima ni mahandaki, kwa hiyo hakuna cha kutazama dirishani. Treni za mkoa, zinazoandikwa regionale au regionale veloce, hazina namba ya kiti, na nauli yake hutegemea umbali tu. Ukinunua leo au ukinunua dakika kumi kabla ya kuondoka, bei ni ile ile. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mlaji: ukinogewa na chakula cha mchana Modena, unaiacha treni ya saa nane na kupanda inayofuata ndani ya muda wa tiketi yako.

Ukaguzi kama wa SGR hakuna kwenye treni hizi. Unaingia stesheni, unatazama ubao, unakwenda jukwaani. Lakini kuna mambo mawili yanayowagharimu wageni faini. La kwanza, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uichomeke katika kile kimashine kidogo kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo za stesheni, ikagongwa tarehe na saa, kabla ya kupanda. Tangu hapo ina uhai wa saa nne. La pili, tiketi ya kwenye simu nayo lazima uithibitishe kwa kubonyeza ndani ya simu kabla ya treni kuondoka. Mkaguzi hupita mara kwa mara, na kauli ya kwamba hukujua haimwambii kitu. Beba pasipoti yako pia, maana tiketi ya simu huwa na jina.

Jambo jingine dogo linalochanganya: ubao wa safari huandika kituo cha mwisho. Ukiwa Bologna unataka kwenda Modena, usitafute neno Modena. Tafuta treni ya Piacenza, Parma au Milano, kisha usome vituo vya njiani. Mabango ya karatasi ya rangi ya njano ni ya treni zinazoondoka, na meupe ni ya zinazofika. Pia Reggio Emilia ina stesheni mbili, na ile ya treni za kasi, Mediopadana, yenye paa la mawimbi lililosanifiwa na Santiago Calatrava, iko nje ya mji. Sisi tunataka ile ya zamani.

Mdau wa Unguja

Assalaam alaykum. Mada ni tamu, ila naomba niulize kwa niaba ya wengi humu. Kila ninaposoma habari za Parma na Bologna naona nyama ya nguruwe imetajwa. Je, Mwislamu atakula nini katika safari hii, au ndiyo atashinda na maji na matunda?

Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam. Swali lako ni la msingi, na sitalificha jambo: eneo hili ni moyo wa nyama ya nguruwe ya Italia. Prosciutto ya Parma ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, mortadella ya Bologna ni ya nguruwe, na nguruwe hujificha pia mahali usipomtarajia. Tortellini ndogo za Bologna na Modena hujazwa nyama hiyo. Ragù yenyewe, ingawa msingi wake ni ng'ombe, huwekwa pancetta, ambayo ni nyama ya tumbo la nguruwe. Mkate bapa wa Romagna, yaani upande wa mashariki wa reli hii kuelekea bahari, uitwao piadina na maandazi ya chumvi ya Modena yaitwayo gnocco fritto mara nyingi hutengenezwa au kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na hata erbazzone ya Reggio, ambayo kwa macho ni pai ya mboga za majani tu, kwa kawaida huwa nayo. Kwa hiyo jifunze kuuliza kwa maneno mawili: maiale, yaani nguruwe, na strutto, yaani mafuta yake. Wauzaji wengi wa piadina siku hizi wana unga uliokandwa kwa mafuta ya zeituni, ukiuliza watakuonyesha.

Baada ya hapo njia imefunguka. Kuna tortelli d'erbetta nilizozitaja, kuna tortelloni kubwa za ricotta huko Bologna, na kuna cappellacci za Ferrara zilizojazwa boga, zenye utamu ambao mtu wa pwani aliyelelewa kwa tambi za sukari na tui wakati wa futari ataupokea bila kushtuka. Ferrara haiko kwenye reli ya Via Aemilia, lakini ni nusu saa tu kutoka Bologna kwa treni ya kuelekea Venezia, na ni mji wa baiskeli. Ukikaribia bahari, samaki wanatawala: dagaa wakubwa wa kuchoma, ngisi, na mchuzi wa samaki mchanganyiko uitwao brodetto. Kuhusu jibini ya Parmigiano Reggiano, maziwa yake hugandishwa kwa kigandishi kinachotoka tumboni mwa ndama, na masheikh wana kauli zao katika hilo; kila mtu afuate anayemwamini.

Mdau wa Malindi

Wakuu, niongezee kidogo. Sisi huku Malindi na Watamu tumeishi na Waitaliano muda mrefu, wengine tumejifunza lugha yao hotelini na ufukweni kabla ya kuingia darasa lolote. Nimefika Bologna kwa mwaliko wa familia niliyoifanyia kazi, na nina mawili ya kuwatahadharisha.

Kwanza, Agosti. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu ambayo asili yake ni mapumziko yaliyowekwa na Kaisari Augusto, na leo pia ni sikukuu ya Kupalizwa Maria. Wiki ile na zinazoizunguka, wenye mikahawa ya kifamilia hufunga na kwenda baharini au milimani. Utakuta karatasi imebandikwa mlangoni, chiuso per ferie, na ndani giza. Mikahawa inayobaki wazi mara nyingi ni ile ile ya watalii ambayo mwanzisha uzi anaikimbia. Anayeweza kuchagua aende Juni, au mwanzo wa Septemba.

Pili, salamu. Ukiingia dukani au kwenye baa ya kahawa bila kusema buongiorno, umeanza vibaya, sawa na mtu anayeingia barazani kwa wazee bila shikamoo. Ukisalimu kwanza, utaelekezwa hata jikoni.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, kaka. Hilo la Agosti nalitilia mkazo, na nitaongeza la joto. Bonde la mto Po halina upepo wa bahari. Julai nyuzi joto 35 ni kawaida, na unyevunyevu wake ni wa kutoa jasho hata kivulini. Bologna imejaliwa dawa yake: baraza zenye matao zinazofunika njia za waendao kwa miguu, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Ukijumlisha zote ni zaidi ya kilomita 60, na ile inayopanda kilima hadi kanisa la San Luca pekee ina matao 666. Unaweza kuzunguka mji mchana kutwa bila jua kukugusa utosini. Mnara wa Asinelli, wenye mita 97, ulifungwa mwaka 2023 kwa sababu ya hofu juu ya mnara jirani wa Garisenda unaoinama, kwa hiyo msipange siku kwa ajili ya kuupanda bila kuuliza kwanza.

Chakula nacho kina majira. Tortellini katika supu ya moto ni chakula cha Krismasi. Mgeni anayeiagiza Julai saa saba mchana atapewa, lakini wenyeji walioko meza ya pili wanakula matikitimaji, nyanya, na piadina yenye jibini laini ya squacquerone na majani ya rucola. Juni kuna cherry za Vignola, na Julai na Agosti kuna nektarini za Romagna, ambazo ni bora ule umesimama, kwa sababu maji yake yatakuchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Sasa niwapeleke mahali viwili ambavyo kwangu ndivyo vinavyoipa safari hii thamani.

Cha kwanza ni kiwanda cha jibini, ama upande wa Parma, ama Reggio, ama Modena. Vingi viko mashambani, hivyo kutoka stesheni utahitaji basi au teksi, na lazima uweke miadi. Utaambiwa ufike asubuhi na mapema. Usibishane, kwa sababu jibini hutengenezwa asubuhi tu. Maziwa ya jioni hulazwa usiku kucha ili mafuta yapande juu na yaenguliwe, kisha huchanganywa na maziwa mabichi ya alfajiri katika masufuria ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa, kila moja likichukua zaidi ya lita elfu moja. Maziwa yakishaganda, fundi huingiza chombo cha nyaya kinachoitwa spino na kuyavunjavunja hadi yawe punje ndogo mfano wa mchele. Kila mara anachota kiganjani, anaminya, anatazama, anarudisha. Hana kipimo kingine. Moto ukifika nyuzi joto 55 hivi punje huzama na kushikana chini, na hapo ndipo wanaume wawili huinama na kulinyanyua donge zima kwa kitambaa, likichuruzika maji, wakalikata katikati. Hayo mawili wanayaita mapacha. Kila pacha huwa gurudumu moja la takriban kilo 40, lililotumia lita 550 hivi za maziwa, linalolala ndani ya maji ya chumvi kwa karibu wiki tatu na kukaa rafuni si chini ya miezi 12. Muda huo ukitimia, mkaguzi hupita na nyundo ndogo, anaigonga jibini na kuisikiliza. Ikitoa sauti ya uwazi ndani, haipati muhuri. Maji yanayobaki kwenye sufuria kwa desturi hulishwa nguruwe, na ndiyo maana jibini na paja la Parma vimezaliwa jirani.

Cha pili ni darini kwa watengeneza siki wa Modena. Siki ya kweli ya jadi, Aceto Balsamico Tradizionale, haina kitu kingine ila maji ya zabibu yaliyochemshwa. Huwekwa katika safu ya mapipa, kila pipa dogo kuliko lililotangulia. Mara moja kwa mwaka hutolewa kidogo kutoka pipa dogo kabisa, nalo hujaziwa kutoka linalofuata, na kuendelea hadi pipa kubwa linalopokea maji mapya. Muda wa chini ni miaka 12, na ile ya daraja la juu ni miaka 25. Mapipa huwekwa darini kwa makusudi, ili joto la Julai liichemshe na kuipunguza, na baridi ya Januari iitulize. Kwa hiyo joto lile lile linalotutesa sisi barabarani ndilo linalofanya kazi huko juu. Ukipanda ngazi, harufu inakuchoma pua kabla hujayaona mapipa. Zipo familia zilizoanzisha safu ya mapipa binti alipozaliwa, iwe sehemu ya mali atakayoolewa nayo. Chupa yake ya mililita 100 huuzwa kwa makumi ya euro, na hutiwa matone tu, juu ya jibini, au stroberi, au aiskrimu. Ile ya bei nafuu ya madukani ni siki nyingine, iliyochanganywa na siki ya mvinyo. Haina ubaya, ila msiuziwe hiyo kwa bei ya ile.

Mdau wa Nairobi

Mkuu, uzi ni mzuri lakini nitakupinga. Majira ya joto ni ya bahari na pizza. Kwa nini mtu asikae Napoli, akapanda treni ya Circumvesuviana hadi Pompeii na Sorrento, kisha akaenda Sicilia? Treni ya Sicilia inapakiwa ndani ya meli, mabehewa yanakatwa na kuingizwa moja baada ya jingine hapo Villa San Giovanni, yanavushwa hadi Messina, yanaunganishwa tena. Hiyo reli yako ya tambarare ina nini cha kushinda hilo?

Mwanzisha uzi

Kwa kuvuka bahari ukiwa ndani ya behewa umenishinda, nakiri, na Napoli ni mji wa kula bila ubishi. Hoja yangu ni ya ratiba. Kusini umbali ni mrefu, treni ni chache, na Circumvesuviana mwezi Julai husongamana kiasi cha kutopata pa kushika. Kwenye reli ya Emilia treni hupita mara kwa mara kutwa, nyingi ni mpya, zile zilizoanza kutumika mwaka 2019 kwa majina ya Rock na Pop, zenye kiyoyozi, na Rock ni ya ghorofa mbili. Mwenye siku chache atakula miji mingi zaidi huku. Na bahari ipo pia, maana reli inaishia Rimini, penye ufukwe mrefu wa mchanga, tao la Augusto la mwaka 27 KK, na daraja la Tiberio lililokamilika mwaka 21 BK. Kama unataka kutoka kidogo nje ya mstari, chukua treni ya Bologna hadi Ravenna, zaidi kidogo ya saa moja, ukaone mozaiki za karne ya 5 na ya 6. Kanisani kuna ubaridi, na baada ya wiki ya kula utashukuru kukaa kimya ukitazama juu.

Mdau wa Dodoma

Nimeelewa, ndugu. La mwisho: viza, migomo, na gharama za mezani.

Mwanzisha uzi

Viza ni ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa majira ya joto nafasi za miadi huisha mapema, hivyo anayetaka Juni aanze Januari au Februari.

Migomo ya reli ipo, nayo hutangazwa mapema. Siku za kazi, hata kukiwa na mgomo, zipo treni za mkoa zinazohakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Siku hiyo nenda na treni ya asubuhi, urudi na ya jioni. Katikati kaa ule.

Mezani utaona kwenye bili neno coperto, kwa kawaida euro mbili tatu kwa kila mtu, ambayo ni ada ya kukaa na mkate. Si wizi, na imeandikwa kwenye orodha ya vyakula. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa. Chakula cha mchana huisha saa nane na nusu hivi na jiko hufungwa hadi saa moja na nusu usiku, kwa hiyo ukiona treni yako itafika Parma saa tisa, nunua kitu Modena kabla ya kupanda. Soko la Albinelli, lililofunguliwa mwaka 1931 nyuma ya uwanja mkuu, lina mkate, jibini na matunda, ila nalo ni la asubuhi, usilichelewe.